Kubadili mtindo wa kurusha mpira kikapuni: lini inafaa, lini uache

Kila likizo, vijana wanaocheza mpira wa vikapu huku kwetu Mombasa huniuliza swali moja: je, nibadilishe ninavyorusha? Mara nyingi swali hilo limeletwa na simu. Kijana amemtazama Stephen Curry, kisha akajirekodi mwenyewe, akaona kiwiko chake kimetoka nje kama bawa la kuku, akafadhaika.

Mimi humuuliza kwanza: inaingia? Reggie Miller alikuwa akipishanisha mikono baada ya kuachia mpira, jambo ambalo hakuna kocha anayelifundisha. Alipostaafu 2005 alikuwa na vikapu 2,560 vya pointi tatu katika NBA, na wakati ule hakuna aliyemzidi. Na kuna aliyeacha kinachoingia kwa sababu ya macho ya watu. Tarehe 2 Machi 1962 Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 katika mechi moja. Kwenye mitupo huru, ile ya kusimama mstarini baada ya kuchezewa rafu, alitia 28 kati ya 32, akirusha kwa mikono miwili kutoka chini, baina ya miguu. Msimu ule alipata asilimia 61, ambayo hakuifikia tena maishani. Baadaye akauacha mtindo ule, na mwenyewe akakiri kwamba alikuwa akiona haya.

Kwa hivyo tafuta daftari kabla ya kutafuta kocha. Chagua sehemu tatu uwanjani, rusha mitupo 50 kila moja, kwa siku kumi. Usiandike iliyoingia tu. Andika pia iliyokosa ilikwenda wapi. Mitupo 20 ya jioni moja haisemi kitu. Hata katika 100, idadi yaweza kupanda au kushuka kwa kumi na mkono ni ule ule. Tena viwanja vyetu vingi viko wazi, basi hesabu asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Kusi ikivuma mwezi wa Julai, utakilaumu kiwiko kwa kosa la bahari.

Daftari likijaa, lisome hivi. Mpira ukiwa mfupi au mrefu, tazama miguu na uchovu kwanza. Hapo hakuna mtindo wa kubadili. Ukienda kushoto mara hii na kulia mara ijayo, kuna kitu kinausukuma, na mara nyingi ni kidole gumba cha mkono wa pili, ambao kazi yake ni kushikilia tu. Hilo hutengenezwa peke yake, bila kubomoa nyumba nzima.

Kubomoa kuna sababu chache. Curry ni mfano mzuri, ila si kwa namna vijana wanavyomtumia. Alipokuwa mwanafunzi wa sekondari alirusha kutoka karibu na kiuno kwa sababu mwili ulikuwa mdogo. Mipira ilikuwa ikiingia, lakini baba yake, Dell, aliyecheza NBA misimu 16, aliona kuwa warefu wa mbele wangemzuia kila mara. Likizo moja ya kiangazi wakaupandisha mtupo hadi juu ya kichwa. Kwa wiki kadhaa mtoto yule hakuweza hata kurusha kutoka mbali. Sababu ilikuwa wazi, na wakati wa kuharibikiwa ulikuwepo.

Mtoto wa miaka 11 anayerusha kutoka kiunoni mwacheni. Pete iko mita 3.05 juu na mpira wa watu wazima ni mzito kwake. Mpeni mpira mdogo, namba 5, na mtaona mikono inapanda yenyewe.

Maumivu ni habari nyingine kabisa. Markelle Fultz alichaguliwa wa kwanza NBA mwaka 2017, kisha mtupo wake ukaharibika mbele ya dunia nzima. Watu walibishana juu ya kichwa chake na makocha wake, hadi mwishoni mwa 2018 madaktari waliposema kuna tatizo la neva kati ya shingo na bega. Bega likiuma, nenda hospitali, mtindo utangoja.

Ukishaamua, fanya Novemba na Desemba, shule zikiwa zimefungwa, wala usianze wiki mbili kabla ya mashindano. Mwambie kocha wako, asije akakuweka benchi bila kujua. Anza hatua moja kutoka kwenye pete, kwa mkono mmoja, na usirudi nyuma mpaka uingize mfululizo bila kufikiri. Mechi za mtaani ziache kwa muda, kwa kuwa ukibanwa mkono hurudia desturi yake. Baada ya wiki sita fungua daftari lile lile, simama sehemu zile zile tatu, uhesabu tena. Ikiwa bado uko chini ya pale ulipoanzia na hakuna aliyekuwa akikuzuia tangu mwanzo, rudia mtupo wako wa zamani, kiwiko kikae kinavyokaa.