Uasi au Vita? Istilahi Moja katika Somo la Historia

Istilahi ya historia haitaji tukio tu. Hubeba na hukumu ndani yake. Tutazame mapambano ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907, kusini mwa nchi yetu. Mwezi Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na mapambano yakaenea hadi Ungoni. Watawala wa Kijerumani waliyahesabu kuwa uasi. Lakini mwasi ni yule avunjaye utii uliokuwa wajibu wake. Mwanafunzi wa sekondari alipokeapo neno hilo bila kuuliza, amekwisha kukubali kwamba utawala ule ulikuwa halali. Neno "vita" humwonyesha pande mbili, kila mmoja na madai yake.

Hata hivyo, hatupendekezi neno "uasi" lifutwe. Maadamu Historia ya Tanzania na Maadili hufundishwa kwa Kiswahili katika sekondari, mwalimu na ayaandike maneno yote mawili ubaoni, kisha aulize: ni nani aliyelitumia kila moja, na kwa nini? Atakayejibu vema amekwisha kuingia katika kiini cha somo.