Ultramarathoni za milimani: Mbona Eldoret haijatamba?

ELDORET, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Agosti 2024, inasifika ulimwenguni kwa mabingwa wa marathoni. Hata hivyo, zipo mbio ndefu zaidi ambazo wanariadha wa eneo hilo bado hawajazitawala, ingawa mazingira yao yanazifaa mno: ultramarathoni za misituni na milimani.

Ultramarathoni ni mbio zozote zinazozidi kilomita 42.195 za marathoni. Baadhi hukimbiwa barabarani, mathalan Comrades ya Afrika Kusini, iliyoanzishwa mwaka 1921 na yenye takriban kilomita 90. Nyingine hufuata vijia vya mawe, mizizi na matope. Mbio za UTMB, zilizoanza mwaka 2003 mjini Chamonix, Ufaransa, huuzunguka mlima Mont Blanc kwa kilomita zipatazo 170, na jumla ya miinuko yake hukaribia mita 10,000. Mwaka 2023 Jim Walmsley wa Marekani alizishinda kwa saa 19, dakika 37 na sekunde 43.

Katika mashindano hayo kasi pekee haitoshi. Hata mabingwa hutembea kwenye miinuko mikali, hula njiani, hukimbia usiku kwa taa za kichwani na hubeba maji na koti la mvua mgongoni. Kuteremka huumiza misuli ya mapaja kuliko kupanda, na tumbo likikataa chakula, aghalabu mbio huishia hapo.

Eldoret haikosi uwanja wa mazoezi. Karibu na jiji hilo uko msitu wa Kaptagat, wenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Huko ndiko Eliud Kipchoge alikofanya mazoezi kwa miaka mingi chini ya kocha Patrick Sang. Mashariki yake, ardhi huporomoka ghafla hadi Bonde la Kerio, na wanariadha hupanda ukingo huo kujenga stamina.

Uwezo pia umeonekana. Mwaka 2023 Mkenya Philemon Kiriago alishinda Sierre-Zinal, mbio za milimani za kilomita 31 nchini Uswisi. Hizo si ultramarathoni, lakini zimethibitisha kwamba Mkenya hashindwi na mlima.

Kikwazo kikubwa ni kipato. Mshindi wa Boston Marathon hutuzwa dola 150,000. Kwa upande mwingine, anayekamilisha kilomita 161 za Western States, Marekani, chini ya saa 24 hupewa bizimu ya fedha ya mkanda. Hata mshindi hapati zawadi ya pesa taslimu. Kwa kijana anayetegemewa na wazazi na wadogo zake, chaguo si gumu.

Hata hivyo, fedha zikipatikana kesho, mbio za msituni zitahitaji msitu. Taasisi ya Kipchoge imeasili sehemu ya Kaptagat ili kuihifadhi. Miti hiyo ikikatwa, Eldoret itapoteza vivuli na vijia vyake kabla ya kuanza kushindana.