Pate: Majonzi ya Neema Iliyotoweka

Katika karne ya 18 mji wa Pate, ulioko katika visiwa vya Lamu, ulisifika kwa biashara, ufundi na elimu ya dini. Neema hiyo haikudumu. Ugomvi wa kugombea kiti cha Wanabhani uliudhoofisha mji kwa ndani. Kisha, mnamo 1812 au 1813 hivi, majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa yalishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Lamu ikaomba himaya ya Sayyid Said wa Oman, na nguvu za Pate zikazidi kufifia. Hatimaye sultani wake, Ahmad aitwaye Simba, alihamia bara na kujiimarisha Witu.

Majonzi ya anguko hilo yamehifadhiwa katika maandishi ya namna mbili, na makusudio yake hayafanani. Ya kwanza ni Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mshairi anausemesha moyo wake, anauonyesha majumba ya matajiri yaliyokuwa na taa na vyombo vya kauri, sasa yamekuwa makao ya ndege na wadudu. Kwake yeye fahari iliyopita ni onyo: dunia haiaminiki, na mwenye akili ajiandalie akhera.

Ya pili ni Habari za Pate. Nakala zake nyingi zilizobakia zinatokana na Muhammad bin Fumo Omar, Mnabhani ajulikanaye kwa jina la Bwana Kitini. Humo fahari ya kale si onyo, bali ni hati ya haki. Ukoo watajwa kuwa ulianza kutawala mwaka 1204, na masultani wake kuwa waliitiisha pwani mpaka miji ya mbali ya kusini. Wataalamu wengi wa mambo ya kale hawakuona ushahidi wa dola kubwa hivyo katika wakati huo. Lakini ukoo ulionyang'anywa utawala ulikuwa na sababu ya kuikuza jana yake, kwani hiyo ndiyo mali pekee iliyousalia.

Hivyo basi, mwenye kuandika historia hana budi kuuliza: neema inayoliliwa ilikuwa ya nani? Wanaokumbukwa ni waungwana wenye majumba ya mawe. Watumwa waliolima mashamba na kuchukua mizigo hawakuachiwa nafasi ya kueleza kama siku zile zilikuwa njema kwao pia. Majonzi ni shahidi wa kweli wa kilichopendwa. Si shahidi wa kutosha wa yote yaliyokuwapo.

Leo tumbaku hulimwa katikati ya magofu ya Pate. Kuta zile zilijengwa na mikono ambayo utenzi hauitaji wala habari za masultani haziikumbuki.