Nchi yenye kura inaweza kuingia vitani?



Kwenye mdahalo wetu wa Jumamosi mwenzetu mmoja alisema, "Vita ni mambo ya kwetu. Ulaya kuna demokrasia, watu wanapiga kura, yanaisha." Tulipiga makofi. Baadaye tukajiuliza, eti ni kweli? Tukasoma, na kumbe siyo. Mfano ni Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, nchi yenye bunge la karne nyingi.

Ireland ya Kaskazini iliundwa mwaka 1921. Waprotestanti walikuwa wengi, na wengi wao walitaka kubaki na Uingereza. Wakatoliki walikuwa wachache, na wengi wao walitaka Ireland yote iwe nchi moja. Uchaguzi ulikuwepo, bunge lilikuwepo, lakini chama kilekile kilitawala kama miaka 50. Kwenye uchaguzi wa halmashauri, kijana anayeishi kwa wazazi wake hakuwa na kura, ila mwenye kampuni aliweza kuwa na kura zaidi ya moja. Mjini Derry Wakatoliki ndio walikuwa wengi, lakini mipaka ya kata ilichorwa ili wasipate viti vingi. Na halmashauri ndiyo iliyogawa nyumba. Si mnaona? Kura ipo, ila haibadilishi kitu.

Mwaka 1968 watu wakaandamana. Walidai mtu mmoja kura moja, nyumba na kazi. Tarehe 5 Oktoba polisi wakawapiga virungu Derry. Mwaka 1969 nyumba zikachomwa Belfast, jeshi likaletwa. Agosti 1971 serikali ikaanza kufunga watu bila kesi. Tarehe 30 Januari 1972, wanajeshi waliwapiga risasi raia kwenye maandamano Derry, na 13 wakafa siku hiyo. Waziri mkuu, David Cameron, aliomba radhi bungeni mwaka 2010, miaka 38 baadaye.

Baada ya siku ile vijana wengi wakajiunga na IRA, kundi la silaha lililotaka kuiondoa Uingereza. Waprotestanti nao walikuwa na makundi yao ya silaha. Mabomu yakalipuka kwenye baa, madukani na barabarani. Kwa miaka 30 walikufa watu kama 3,500, wengi wao raia wa kawaida. Ndani ya demokrasia!

Sasa, bunduki ilileta nini? IRA haikupata Ireland moja. Serikali nayo haikuweza kuimaliza IRA kwa nguvu. Tarehe 10 Aprili 1998 wakasaini makubaliano ya kugawana madaraka, wananchi wakayapitisha kwa kura. John Hume, mwalimu wa Derry aliyeingia siasa, alikuwa amekataa bunduki tangu mwanzo. Njia yake ya mazungumzo ndiyo waliyoirudia, lakini makaburi yalikuwa yameshachimbwa.

Wenzetu wa Burundi wanaijua hadithi hii. Juni 1993 walipiga kura, wakamchagua Melchior Ndadaye. Oktoba mwaka uleule wanajeshi wakamuua, na vita vikaanza. Makubaliano yalisainiwa Arusha Agosti 2000, na hata baada ya hapo risasi hazikunyamaza mara moja.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: ndiyo, inawezekana. Kura peke yake haizuii vita. Kinachozuia ni mnyonge kuona kwamba akisema, anasikilizwa.

Wafanyakazi wa mashirika, tunawaomba jambo dogo. Tukichagua viongozi wetu wa kamati, wapeni nafasi ya kuamua kitu. Sanduku la maoni lisilofunguliwa linafundisha somo baya.

Na sisi vijana, siku mtu akija jioni kutuambia kwamba bunduki ndiyo njia ya kurudi nyumbani, tusimjibu kwa hasira. Tumwulize swali moja: mwisho wa vita tutakaa meza gani, na akina nani? Kama meza hiyo ipo, tuanze kuidai leo, tukiwa bado tuko hai wote.