Bima ya Afya: Nani Aliachwa Nje?

Leo tuzungumzie bima, na tuanzie mbali kidogo.

Mwaka 1966 serikali ilianzisha NHIF, bima ya kusaidia kulipa gharama za kulazwa hospitalini. Lakini ilikuwa ya wenye mshahara wa shilingi 1,000 na zaidi kwa mwezi. Mama wa shambani na wa sokoni hakuwemo. Mwaka 1972 mlango wa kujiunga kwa hiari ulifunguliwa, ila wengi hawakuingia.

Desemba 1989 ikaja ada ya matibabu, ikiitwa kuchangia gharama. Wagonjwa wakapungua kliniki, si kwa sababu walipona, bali kwa kukosa pesa. Mwaka 2004 ada ikashushwa: shilingi 10 kwenye zahanati, 20 kwenye kituo cha afya. Juni 2013 ikaondolewa huko, na kujifungua katika hospitali za umma kukawa bila malipo.

Unaona somo, mama? Mgonjwa ndiye asiye na nguvu ya kutafuta pesa. Kumdai wakati huo si haki. Haki ni tuchange tukiwa wazima, kila mtu kwa uwezo wake.

Oktoba 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, kwa wengine hupimwa uwezo wa nyumba, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwa mama wa kibarua hata hizo ni nyingi, na viongozi wasilisahau hilo. Lakini wewe jiandikishe mapema, pamoja na watoto. Usingoje mtoto ashikwe na homa usiku wa manane.