Diploma ya Ng'ambo, Ubao wa Kwetu: tangu wamisionari mpaka Kasindi



Kuna wenzetu wengi wa Butembo na Beni waliovuka Kasindi kwenda kusoma Uganda. Wengine walifika Kasese, wengine Fort Portal, wengine Kampala. Kati yao wako waliosomea ualimu. Wanaporudi, wanajua Kiingereza vizuri, wamefanya mazoezi ya kufundisha, na masomo ya kwetu inawahitaji. Halafu prefe anafungua dosye na kuuliza: "Ekivalansi iko wapi?" Mazungumzo yanaisha hapo.

Wengi wetu tunafikiri shida hii ni ya juzi, kwamba ni ujanja wa mtu fulani ndani ya biro. Lakini ukisoma historia, utaona kwamba Kongo imekuwa ikiwauliza walimu waliosomea nje swali hilo hilo kwa zaidi ya miaka 70. Kinachobadilika ni jibu linalokubaliwa. Nataka tuipitie historia hiyo pamoja, sababu mtu anayejua mlango ulijengwa namna gani anajua pia mahali pa kuubisha.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Kwetu ukisema mtu ana lisansi, unamaanisha amemaliza univerisite. Kwa majirani wetu wanaotumia Kiingereza, neno hilo linamaanisha ruhusa ya kufanya kazi. Kule Kenya, kwa mfano, mwalimu anaandikishwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoanzishwa mwaka 1967, na anapewa namba. Kongo haina karatasi moja ya namna hiyo. Ruhusa yetu imegawanyika vipande vitatu: diploma inayotambuliwa na Leta, barua ya kukutuma kwenye shule fulani, na namba ya matrikule inayokuingiza kwenye orodha ya mishahara. Ukikosa kipande kimoja, unaweza kufundisha miaka mingi na bado Leta haikujui.

1. Wamisionari nao walirudishwa darasani

Wakati wa ukoloni, shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misioni. Tangu mapatano ya mwaka 1906 kati ya Leopold II na Vatikani, misioni za Kikatoliki zilipendelewa. Baadaye, serikali ya Ubelgiji ilipoanza kutoa pesa za msaada kwa shule, ilizipa zile zilizoitwa "misioni za taifa", maana yake kwa sehemu kubwa Wakatoliki wa Kibelgiji. Kwetu, mapadri Waasumptionisti walifika mwaka 1929, na shule nyingi za zamani za Butembo na Beni zimetoka kwenye kazi yao.

Waprotestanti nao walikuwapo. Fikiria Oicha, ambako daktari Mmarekani Carl Becker wa Africa Inland Mission alifanya kazi miaka mingi. Wengi wa wamisionari hao walikuwa Wamarekani na Waingereza. Walikuwa na shule, wanafunzi na vitabu, lakini hawakupata msaada wa serikali kwa ajili ya shule hizo.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, mambo yakageuka. Kuanzia mwaka 1948 shule za Kiprotestanti nazo ziliweza kupata msaada. Lakini kulikuwa na sharti: mmisionari aliyesomea Marekani au Uingereza alipaswa kuonyesha kwamba anastahili kufundisha katika koloni ya Ubelgiji. Njo maana wengi wao walipitia Brussels kwanza, karibu mwaka mmoja au zaidi, wakijifunza Kifaransa na kufuata kozi ya mambo ya koloni, kisha wakafanya mtihani. Mtu aliyekuwa mwalimu kwao alikaa tena kwenye benchi kama mwanafunzi.

Hapo tunaona maswali mawili yakichanganywa. La kwanza ni: "Unajua kufundisha?" La pili ni: "Wewe ni mtu wetu, unasema lugha yetu, unafuata utaratibu wetu?" Yote mawili yana maana, lakini hayafanani. Mpaka leo biro zetu zinayachanganya.

2. Mwaka 1960: mlango ulibaki wazi

Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru. Wakati huo Wakongo waliomaliza univerisite hawakufika hata 30. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 tu, na univerisite ya Elisabethville mwaka 1956. Katika shule za sekondari, walimu walikuwa kwa sehemu kubwa Wazungu. Baada ya siku chache tu za uhuru, jeshi likaasi na Wabelgiji kwa maelfu wakakimbia. Madarasa yakabaki na wanafunzi bila walimu.

Umoja wa Mataifa, kupitia UNESCO, ulianza kutafuta walimu wanaosema Kifaransa. Wengi walitoka Haiti. Walikuwa watu weusi wenye masomo, walisema Kifaransa, na kwao walikuwa wanakimbia utawala wa François Duvalier. Wahaiti walifika kwa mamia, wakafundisha hesabu, Kifaransa na sayansi katika miji mingi ya Kongo. Wataalamu wa kazi nyingine walikuja nao pia: mtengeneza filamu Raoul Peck, aliyetengeneza filamu juu ya Lumumba, alikulia Léopoldville sababu baba yake, mwanaagronomia, alikuja kufanya kazi huku.

Jiulize sasa: Mhaiti aliyetoka Port-au-Prince alikuwa amefuata kozi ya koloni ya Brussels? Hapana. Leta ilikuwa na haja naye. Kifaransa chake na diploma yake vilitosha. Karatasi iliyomchelewesha Mmarekani mwaka mzima katika mwaka 1950 haikumzuia Mhaiti katika mwaka 1961.

Lakini viongozi wa wakati ule walielewa kwamba nchi haiwezi kuazima walimu milele. Mwaka 1961 ilifunguliwa Kinshasa Institut Pédagogique National, kwa msaada wa UNESCO, ili kuandaa walimu Wakongo wa sekondari. Ndiyo UPN ya leo. Mwaka 1967 ukaja mtihani wa Leta, ule ule tuliofanya sisi wote, ili diploma ya sekondari iwe moja kwa nchi nzima. Kuanzia hapo, kipimo cha kila karatasi ya nje kikawa karatasi ya ndani.

3. Namba inayolipa

Mwisho wa mwaka 1974 Mobutu alizichukua shule za makanisa zikawa za Leta. Haikudumu. Tarehe 26 Februari 1977 serikali na makanisa walitia sahihi mapatano: kanisa linaendesha shule, Leta inalipa walimu na kusimamia programu. Mpaka leo shule nyingi za Butembo na Beni ni za namna hiyo.

Tangu hapo mwalimu yuko na wakubwa wawili. Wa kwanza anamchukua kazini, wa pili anamlipa. Katika miaka ya 1980 ilianzishwa SECOPE, biro ya kuhesabu walimu na kuandaa mishahara yao. Siku hizi inaitwa DINACOPE. Namba ya matrikule ikawa na nguvu kuliko diploma. Mishahara ilipoanguka katika miaka ya 1990, wazazi ndio walilipa walimu kwa prime. Mwalimu bila matrikule aliweza kuishi, sababu mzazi hakuuliza namba.

Mwezi wa 9 mwaka 2019 shule za msingi zikawa za bure, kama kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kilivyosema. Kwa watoto ilikuwa habari njema. Lakini kwa mwalimu asiye na namba, prime ilikatika na mshahara haukuja. Hapo karatasi ikageuka kuwa chakula cha watoto wake. Na aliyesomea nje alikuwa nyuma zaidi, sababu kabla ya kuomba matrikule alipaswa kwanza kupata ekivalansi, ambayo kwa diploma za univerisite inatolewa na wizara kule Kinshasa. Ukitoka Butembo, Kampala iko karibu sana kuliko Kinshasa.

4. Watu wamoja, karatasi mbili

Mpaka kati yetu na Uganda ulipangwa na Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani huko Brussels mwaka 1910. Wanande wakabaki upande huu, Wakonzo upande ule, na lugha yao ni karibu moja. Lakini shule zikafuata njia mbili. Huku Kifaransa na mtihani wa Leta. Kule Kiingereza na mitihani ya UNEB.

Hata hesabu ya miaka ilikataa kulingana. Kwetu ilikuwa graduat miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Bachelor ya Uganda mara nyingi ni miaka 3. Kwa kuhesabu miaka tu, aliyerudi na bachelor alionekana kama mtu wa graduat, hata kama kule alikuwa tayari mwalimu kamili wa sekondari. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, univerisite zetu zimeingia mfumo wa LMD, na lisansi nayo ni miaka 3. Sababu hiyo moja ya mabishano imepungua nguvu.

Njia ya kwenda nayo ina mlango. Mwalimu wa Beni aliyekimbia mauaji na kufika kambi ya Kyangwali au Nakivale na diploma yake ya Leta anaombwa aifananishe na za Uganda, aonyeshe Kiingereza, atafsiri karatasi. Na wako ambao karatasi zao zilichomeka pamoja na nyumba. Kwa hiyo tusiseme Kongo peke yake ndiyo ngumu.

5. Tufanye nini?

Sisemi mlango uvunjwe. Mtoto wa Mavivi au wa Kyondo anastahili mwalimu wa kweli, na diploma za uongo ziko. Leta iko na haki ya kuchungua. Lakini historia inaonyesha kwamba mlango huu ulifunguliwa haraka kila mara Leta ilipokuwa na haja. Kwa hiyo ugumu wake ni uamuzi wa watu, na uamuzi unaweza kuombwa ubadilike.

Tuko na msingi wa kuomba. Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2022. Protokali ya Soko la Pamoja ya jumuiya hiyo, kifungu cha 11, inazungumza juu ya nchi kutambuliana vyeti vya masomo na vya kazi. Ombi letu liwe dogo na wazi: dosye za ekivalansi zipokelewe hapa Butembo au Beni, zipelekwe Kinshasa na wizara yenyewe, na kila dosye iwe na tarehe ya kujibiwa. Chama cha wasomi kinaweza kuandika barua hiyo. Mtu mmoja mmoja ataendelea kuchoka.

Na wewe uliye bado Kasese au Kampala, usingoje kurudi. Hakikisha univerisite yako imetambuliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la Uganda. Chukua orodha ya alama zako zote, si diploma tu. Tunza diploma ya sekondari iliyokufungulia mlango wa univerisite. Omba barua ya shule ulikofanyia mazoezi ya kufundisha. Piga picha za kila kitu, weka nakala kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Katika nchi yetu nyumba inaungua kwa siku moja, na karatasi inatafutwa kwa miaka.