Mji Uliosemwa Kabla ya Kujengwa

Nyanya yangu alikuwa akichambua chinsaga, ule mgagani wetu mchungu, nami nimeketi kando ya jiko lake huko Nyamira, aliponiambia kwamba mji wa Kisii ulisemwa kabla ya kujengwa. Aliyeusema ni Sakagwa, mtabiri wa Abagusii wa karne ya 19. Husimuliwa kwamba alipita Getembe, mahali ulipo mji huo leo, pangali pori, akawa anaonyesha kwa mkono: hapa patakaa askari, pale watalazwa wagonjwa. Wageni watakuja, na vijana watanyang'anywa silaha.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza aliyasema hayo kwa maneno gani. Kuwaza kwa lugha yetu ni okorengereria, na ebirengererio ndiyo mawazo yenyewe, lakini wazo halimfikii mwingine mpaka lipate neno analolijua. Naamini kwa hapo pa kulaza wagonjwa Sakagwa alisema enyomba, yaani nyumba. Basi hebu fikiria ugumu wake! Enyomba kwa Mgusii si kuta na paa tu. Ni mama mmoja na watoto wake; katika boma la wake wengi, kila mke ana enyomba yake, na shamba na urithi hufuata hapo. Waliomsikiliza walitakiwa kuona kichwani nyumba kubwa isiyo na mama. Naona hiyo ilikuwa kazi nzito kuliko kuamini kwamba wageni watakuja.

Wageni walikuja kweli. Mwaka 1907 Northcote, ofisa wa Waingereza, alipiga kambi papo hapo Getembe. Jina lake liligoma kwenye ndimi zetu, likageuzwa Nyarigoti, na kwa jina hilo wazee wakamsimulia. Januari 1908 Otenyo, Mgusii aliyechochewa na Moraa, mtabiri mwanamke, alimchoma mkuki. Nyarigoti akapona, lakini Waingereza wakazichoma moto nyumba zetu na kuwaswaga ng'ombe. Kambi ikakua ikawa mji, nao watu wakauita Bosongo, yaani kwa Wazungu. Mpaka leo wazee husema wanaenda Bosongo, ingawa Wazungu wenyewe waliondoka zamani.

Miaka mingi baadaye nilimpeleka nyanya hospitalini huko mjini. Alisimama mlangoni, mkono juu ya bega langu, akatazama ule ukumbi mrefu na safu za vitanda. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mgeni anayetaka kuamkia kwanza kabla ya kuingia: "Mjukuu wangu, mama wa nyumba hii yuko wapi?"